Karakana ya Mwenye Nyumba na Usingizi wa Mpangaji

Wapangaji wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu kelele za mwenye nyumba hufika na jibu lao mkononi: ploti ni yake, utamwambia nini? Nimeisikia kauli hiyo kwa walimu, kwa wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, kwa akina mama wenye watoto wachanga. Ndiyo inayowafanya wafungashe na kuhama bila kusema neno, wakipoteza gharama za kuhamia na mara nyingi dipoziti pia. Nataka kuipinga leo. Ploti ni yake, hilo halina ubishi. Lakini siku alipopokea kodi yako alikubali kujifunga mikono kidogo juu ya ploti hiyo, na sheria inayomfunga imeandikwa kana kwamba aliyeitunga alikuwa ameketi barazani kwako akisikiliza grinda.

Tuchukue ploti ya kawaida Kisauni, Mombasa. Vyumba vinane, vinne kila upande wa ua, tangi la maji juu ya vyuma, mwenye nyumba mwenyewe anakaa mbele. Mpangaji ameingia Januari. Wakati huo nyuma ya ukuta palikuwa na kiwanja kitupu, mpapai mmoja na gari bovu lililokaliwa na kuku. Kufikia Juni kiwanja kimeezekwa mabati, kijana wa mwenye nyumba ameleta mashine ya kuchomelea, grinda mbili na kompresa, na kazi ya mageti na madirisha imeshika. Saa kumi na mbili unusu alfajiri chuma cha kwanza kinakatwa. Oda ikiwa kubwa, taa zinawashwa na kazi inakwenda hadi saa nne za usiku. Kompresa ikianza kujaza hewa, vikombe kabatini vinagongana. Mtoto aliyelazwa mchana anashtuka, analia, analazwa tena, anashtuka tena. Hakuna mwenye nia mbaya hapa: kijana anatafuta riziki, baba anamuunga mkono. Ila kuna mtu anayelipa kodi kila mwezi kwa nyumba ambayo haikaliki tena kama ile aliyopangishwa.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inaingiza masharti kadhaa ndani ya kila mkataba wa upangaji, hata kama hayakuandikwa. La kwanza ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake atakaa kwa amani katika nyumba aliyopanga bila kuingiliwa na mwenye nyumba. La pili ndilo wengi hawalijui. Linasema mwenye nyumba hatatumia, wala hataruhusu mtu mwingine kutumia, ardhi yake nyingine iliyopakana au iliyo jirani kwa namna itakayoifanya nyumba iliyopangishwa isifae, au ipungukiwe sana kufaa, kwa matumizi iliyopangishiwa. Lisome mara ya pili ukikumbuka kile kiwanja cha nyuma. Hata kama karakana iko kwenye hati tofauti kabisa, hata kama anayefanya kazi ni mwanawe na si yeye, mwenye nyumba anawajibika kwako. Tanzania ina masharti ya aina hiyohiyo katika kifungu cha 88 cha Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa hiyo msomaji wa Tanga au Dar es Salaam hayuko mbali na hoja hii.

Watu huniambia kwamba hawana mkataba wa maandishi. Walipatana kwa mdomo na kodi inatumwa kwa M-Pesa. Haidhuru. Upangaji wa mwezi kwa mwezi, au wa muda usiozidi miaka 2, unaweza kufanywa kwa mdomo na bado masharti hayo yakawemo. Jumbe zako za M-Pesa ndizo ushahidi kwamba upangaji upo. Usizifute.

Masharti hayo ndiyo yanayoleta tofauti kubwa kati ya kelele za mwenye nyumba na kelele za jirani. Jirani mwenye kelele hana ahadi yoyote kwako; unamlalamikia kama mwananchi yeyote. Mwenye nyumba alikuahidi utulivu na akaipokea bei yake. Ndiyo maana siku zote nawasihi wapangaji wasianze kwa kukata kodi. Najua inavyouma kulipa pesa kamili kwa nyumba usimoweza kulala. Lakini soma tena lile sharti la kwanza: linamlinda mpangaji anayelipa. Ukiacha kulipa, umeutupa ulinzi huo mwenyewe, na umempa mwenye nyumba njia ya mkato. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu kumtumia dalali aliyeidhinishwa kuja kuchukua fanicha zako kufidia deni. Hapo mazungumzo yatahusu deni lako, na kelele zitasahaulika. Lipa, tena kwa wakati, na risiti iwepo.

Sasa, kelele ni kiasi gani? Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa Kenya mwaka 2009 ziligawa maeneo na kuyapa viwango kwa desibeli. Kwa maeneo ya makazi, nje ya nyumba kiwango cha mchana kiliwekwa 50, ndani 45, na usiku 35. Maeneo ya makazi yaliyochanganyika na biashara yalipewa 55 mchana. Maeneo ya biashara 60. Lakini usiku, hata kwenye maeneo hayo yaliyochanganyika na ya biashara, kiwango kilibaki 35, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza saa mbili na dakika moja, si saa sita kama wengi wanavyodhani. Mwenye nyumba akikwambia kwamba mtaa huu ni wa biashara, anaweza kuwa na hoja kuhusu saa tisa ya alasiri. Kuhusu saa tatu ya usiku hana.

Desibeli hazihesabiki kama kilo za sukari, na hili linawapotosha hata wanaotaka kusaidia. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi, na sikio la binadamu huihisi kama imezidi takriban maradufu. Grinda inayokata chuma hupita 95 kwa aliyeishika mkononi. Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali maradufu kutoka kwenye chanzo kidogo cha sauti, unapunguza kama desibeli 6. Kwa hesabu hiyo, mashine yenye 95 kwa umbali wa mita moja itabaki na kama 77 kwa mita nane, na bado na kama 71 kwa mita kumi na sita. Ua wenye kuta pande zote hurudisha sauti, kwa hiyo mara nyingi upungufu ni mdogo kuliko huo. Ndiyo maana ile suluhu inayopendwa sana, ya kuisogeza mashine kidogo kule nyuma, haileti nafuu mpangaji aliyoitarajia, na baada ya wiki ugomvi unarudi ukiwa na hasira zaidi kwa sababu mwenye nyumba anaona ameshasaidia na hakushukuriwa.

Kinachosaidia kweli ni kujua kelele inafikaje kwako. Ile ya grinda inapita hewani: inaruka ukuta, inapenya kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha, chini ya mlango, kwenye uwazi kati ya ukuta na paa la mabati. Ukuta wa matofali uliopigwa lipu, wa urefu wa kuuzuia mstari wa moja kwa moja kati ya mashine na dirisha lako, unaikata kwa kiasi cha kuhisika. Karatasi ya mabati iliyopigiliwa kwenye nguzo haikati sana, na yenyewe huanza kutetemeka na kulia. Uwazi mdogo uliobaki unaweza kuharibu kazi yote, kwa hiyo kibanda chenye kuta tatu na upande wa nne ulio wazi kinapaswa angalau kuelekeza uwazi huo mbali na vyumba. Kompresa ni jambo jingine. Mtetemo wake unasafiri kwenye zege la sakafu na kupanda ukutani, na ukijenga ukuta wa mita tatu hautauzuia. Huo hutibiwa chini: mashine itenganishwe na sakafu ya nyumba, na miguu yake iwekwe juu ya mpira mzito. Mafundi wengi hutumia vipande vya tairi kuukuu, na vinasaidia. Halafu kuna vyuma vyenyewe. Bomba linalokatwa likiwa limelala huru juu ya meza ya chuma linalia kama kengele. Likibanwa vizuri na kuwekewa gunia au mbao chini, sauti inapungua papo hapo, bila senti kutumika.

Nimekaa sana kwenye mambo ya ufundi kwa sababu ya kisheria. Kanuni zile za 2009, zinapoeleza jinsi ya kupima kama kelele ni ya kupita kiasi au ya kuudhi isivyofaa, zinataja saa ya siku, ukaribu na makazi, kama kelele ni ya kujirudia, ukali wake, na kama inatokana na mitambo. Kisha zinataja jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: kama kelele hiyo ingeweza kudhibitiwa bila jitihada au gharama kubwa. Mpangaji anayekwenda kwa mwenye nyumba akidai karakana ifungwe anaomba riziki ya familia isimame. Atakataliwa, na pengine hata ofisa atamwona mkorofi. Anayekwenda akiomba kazi ianze saa mbili asubuhi na kuishia saa kumi na mbili jioni, kompresa iwekewe mpira, na meza ya kukatia ihamishiwe upande wa pili wa ukuta, ameomba vitu vya gharama ndogo. Mwenye nyumba akivikataa vyote, ameshajibu mwenyewe lile swali la gharama, na majibu yake yataonekana mbele ya yeyote atakayeamua baadaye.

Kabla ya kuzungumza, andika. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa kazi ilipoanza, ilipoisha, mashine gani, nini kilitokea ndani ya nyumba. "Jumanne, grinda kuanzia saa kumi na mbili na dakika arubaini hadi saa nne asubuhi, mtoto hakulala, usiku kompresa kuanzia saa mbili unusu hadi saa tatu na robo." Fanya hivyo kwa majuma mawili hivi, pamoja na siku za utulivu, maana daftari linaloonyesha mabaya tu halisadikiki. Programu za simu za kupima sauti zinakupa picha ya jumla na unaweza kuzitaja, ila usizitegemee kama kipimo cha mahakamani. Hicho huja na kifaa cha ofisa kilichosahihishwa.

Mazungumzo yenyewe yana adabu zake. Usimfuate mwenye nyumba mashine zikiwa zinanguruma na mafundi wanatazama. Hakuna mzee atakayekubali kushindwa na mpangaji mbele ya vijana wake. Mfuate jioni kazi ikiisha, au siku ya mapumziko, umkute ametulia. "Shikamoo mzee. Kazi ya kijana naiona inakwenda, Mungu aibariki. Nina jambo moja linanitatiza, nimeona nije kwako kabla sijamwambia mtu mwingine." Kisha sema saa, sema mtoto, sema unachoomba. Usitaje sheria siku ya kwanza. Wapo watakaoniona mnyonge kwa ushauri huu, lakini katika ploti ambamo mtachota maji kwenye bomba moja kesho asubuhi, mtu aliyepewa nafasi ya kukubali kwa heshima hukubali mara nyingi zaidi kuliko aliyebanwa. Na kama wapangaji wengine wanasumbuka, zungumza nao mapema. Watu watatu wakienda pamoja kwa upole ni vigumu kwa mmoja wao kutengwa na kupewa notisi.

Mkikubaliana, mtumie ujumbe wa simu siku hiyohiyo: "Mzee, nashukuru kwa mazungumzo. Kama tulivyoelewana, kazi itaanza saa mbili asubuhi na kuishia saa kumi na mbili jioni, na Jumapili hakuna mashine." Umemshukuru, na papo hapo umeweka kumbukumbu. Asipotekeleza, ndipo unaandika barua rasmi. Iwe fupi: nani, nyumba ipi, tangu lini, kelele zipi na saa zipi, mliahidiana nini, kifungu cha 65, unaomba nini, na ndani ya muda gani. Nakala moja ibaki kwako ikiwa na sahihi yake ya kupokea, au picha ya barua iliyotumwa kwa simu yake.

Baada ya barua, watu wengi hukimbilia polisi. Mimi ningeanza kwa mzee wa mtaa na naibu wa chifu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanishi na njia za jadi za kutatua migogoro, na makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa yana uzito wa kijamii ambao hati ya wakili haina. Hilo likishindikana, nenda kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, kwa hiyo ofisi ya mazingira ya kaunti ndiyo ya kwanza, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ipo kwa pale kaunti inapozembea. Ukiwa kaunti, uliza pia swali ambalo wapangaji hulisahau: je, karakana hii ina leseni ya biashara, na kiwanja hiki kilipewa kibali cha kubadilishwa matumizi kutoka makazi? Chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, kugeuza ploti ya makazi kuwa karakana kunahitaji kibali cha kaunti. Mara nyingi hakuna kilichoombwa, na swali hilo pekee humrudisha mwenye nyumba mezani.

Mahakama ni hatua ya mwisho. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kutoa amri ya kuzuia kelele na kuagiza fidia, na kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu adai haki yake ya mazingira safi na yenye afya bila kuthibitisha kwamba ameshapata hasara au jeraha. Wale ambao kodi yao ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi wana Baraza la Kudhibiti Kodi chini ya Sura ya 296, ingawa kwa kodi za mijini za leo hao ni wachache.

Swali moja hunijia kila mara: je, kama karakana ilikuwepo kabla mpangaji hajaingia? Hapa inabidi kutofautisha. Katika sheria ya kero, kutangulia si kinga. Mwaka 1879 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua shauri la Sturges na Bridgman: mtengenezaji peremende wa London alikuwa ametwanga kwa vinu vikubwa jikoni mwake kwa zaidi ya miaka 20, kisha daktari jirani akajenga chumba cha kuonea wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, pembeni ya jiko hilo. Daktari alishinda, japo alikuja nyuma. Lakini ahadi ya mwenye nyumba kwa mpangaji inahesabiwa tofauti. Mwaka 1999, katika shauri la wapangaji wa halmashauri ya Southwark, Bunge la Malodi, likiwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilikubali kwamba kelele inaweza kuvunja ahadi ya utulivu, ila likasema mpangaji huichukua nyumba ilivyokuwa siku ya kupanga. Waliolalamikia sauti za kawaida za majirani kupenya kuta dhaifu za tangu zamani walishindwa. Mahakama zetu zilirithi mkondo huo wa sheria. Kwa hiyo yule mpangaji wa Kisauni aliyeingia Januari na karakana ikaja Juni ana hoja imara kuliko aliyeingia akiiona. Huyo wa pili bado ana viwango vya desibeli na saa za usiku vya kusimamia, na pia ongezeko lolote: mashine mpya, zamu mpya, mafundi zaidi.

Ukarabati nao usichanganywe na biashara. Mwenye nyumba anapobadilisha paa linalovuja au kuziba nyufa anatimiza wajibu aliopewa na kifungu hichohicho cha 65, na kelele yake ni ya kuvumiliwa kwa muda. Kwa ujenzi katika maeneo ya makazi, kanuni za 2009 ziliruhusu hadi desibeli 60 mchana, na mchana wenyewe ukakatwa saa kumi na mbili jioni. Una haki ya kujua lini itaanza na lini itaisha.

Kuna jambo lisilopendeza ambalo sitalificha. Upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kuvunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba aliyekasirika anaweza kuitoa. Hawezi kukufungia mlango, kukukatia maji au kung'oa mabati ili uondoke. Hayo ni makosa na mahakama huyazuia. Lakini notisi halali inaweza kuja. Ndiyo sababu nasisitiza mpangilio wa hatua: upole kwanza, maandishi yakiwepo, wenzako wakiwa nawe, na akiba ya kodi ya nyumba nyingine ikiwa inawezekana. Ukiamua kuondoka, toa notisi yako kwa maandishi ukitaja sababu, kagueni chumba pamoja, piga picha kuta na milango, na dai dipoziti yako yote.

Nyumba inayofuata usiikague Jumapili mchana wakati mashine zimelala. Nenda siku ya kazi, mapema asubuhi, na urudi saa mbili usiku. Tazama chini nyuma ya ploti kama kuna vumbi jeusi la chuma au maranda, muulize mwenye duka la karibu, na chungulia kama kuna waya mnene wa umeme wa mashine ulioingizwa uani. Ukiridhika, omba mstari mmoja uongezwe kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi: "Mwenye nyumba hatafanya wala kuruhusu kazi ya karakana, mashine au jenereta ya biashara katika ploti hii au ardhi yake iliyo jirani kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili asubuhi, wala siku ya Jumapili, na kazi mpya ya aina hiyo haitaanzishwa kabla ya kumpa mpangaji taarifa ya miezi miwili na ruhusa ya kuhama akirudishiwa dipoziti yake yote."